Kifuniko cha Tatu kwenye Mpunga wa Mama Mkwe

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Kifuniko. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu kwenye mashamba ya watu: bomba mgongoni, buti mpaka magotini, kitambaa puani. Dawa aliipima kwa kifuniko cha chupa, viwili kwa bomba moja, kama karatasi ilivyoagiza. Lakini mteja aliyempenda alimwongezea cha tatu, bure, akisema hicho ni cha mapenzi. Watu wakacheka, na jina likaganda.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni mama mkwe wake. Miaka sita ya ndoa, bibi yule bado anamwita "yule wa bomba". Yule wa bomba ameshakula? Yule wa bomba naye yupo? Mbele ya wageni, jamani. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyoumbwa, lakini Kifuniko ilimuuma kwelikweli. Basi siku mama mkwe aliposema viwavi wanakunja majani ya mpunga wake, jamaa hakungoja kuombwa. Alibeba bomba akaenda.

Bila shaka aliweka vifuniko vitatu. Akamaliza, akamwita mama mkwe aje ajionee buibui na vidudu vya kila aina vinavyoelea majini, chali, miguu juu.

"Mama, hapa hakijabaki kitu," alisema, kifua mbele.

Mama mkwe akatazama, akaitikia haya, akaenda zake. Baada ya wiki mbili Kifuniko akarudia, na wiki mbili nyingine tena, wakati viwavi wenyewe walishaondoka na majani mapya yalishatoka. Mapenzi hayo.

Shamba la jirani lilikuwa la fundi viatu, mvivu wa kupindukia, ambaye hakuwahi kununua hata tone la dawa. Majani yake yalikuwa yametoboka ovyo. Kila akipita, Kifuniko alimtania kwamba shamba lake linahitaji kiraka. Fundi alicheka tu na kuendelea kugonga misumari.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, katikati ya shamba la mama mkwe likatokea duara la manjano, upana wa mkeka. Siku nne baadaye lilikuwa upana wa chumba, limekauka na kuwa kahawia kama lililomwagiwa maji ya moto. Kifuniko akaja mbio na bomba limejaa pomoni. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye tuta na beseni jeupe lenye maji kidogo.

"Tua hilo kwanza," alisema. Akashuka, akaliweka beseni chini ya mashina, akayapiga kofi. Vikaanguka vipanzi vya kahawia vinavyofyonza utomvu wa mpunga, vidogo kama ufuta, mpaka maji hayakuonekana.

"Chakula changu cha mwaka mzima hiki," alisema, na sauti ilikuwa imemshuka. "Nimekosea wapi? Au ni mbegu?"

Kifuniko akatua bomba. Alichukua beseni akavuka hadi kwa fundi viatu, akapiga kofi mashina yake. Vipanzi vilikuwepo, vya kuhesabika, na nyuma yao buibui wanne wakikimbia juu ya maji kuvikamata. Akajaribu kwa mama mkwe mara tatu. Hakupata buibui hata mmoja. Akachana shina kwa ukucha, akakuta mayai yamepangwa mle ndani, salama salimini, mahali ambapo dawa yake haikufika wala haingefika.

Hapo akaelewa. Wale aliowaonyesha kwa majigambo, chali, ndio waliokuwa wakila vipanzi. Mayai yalikuja kuanguliwa shamba halina mlinzi, na kila aliporudi alifagia walinzi wapya. Neno mbegu lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi wake, uongo uliokwisha kutafunwa, mama wa watu abaki kuumeza tu.

"Siyo mbegu, mama," alisema. "Ni mimi." Akamweleza yote, mpaka kile kifuniko cha tatu.

Mama mkwe akalitazama lile bomba. "Sasa utapuliza tena?"

"Hapana."

"Basi shika jembe."

Wakafungua tuta, wakayatoa maji ili mashina yapate hewa, maana vipanzi hupenda unyevu. Buibui wakaanza kurudi polepole kutoka kwa yule mvivu. Duara likasimama, lakini nusu ya shamba ilikuwa imekwenda.

Siku ya kuvuna ndugu walikuja kusaidia, na wakati wa kula mmoja akauliza nani aliuharibu mpunga namna ile. Kifuniko akainamisha kichwa, tonge mkononi.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe, akimwongezea mchuzi. "Alikuja kuniambia mwenyewe."