Bingwa wa Gemu la Zamani

Pale stendi ya Kibiti, nikisubiri gari la Mloka, niliingia kwenye kibanda cha gemu nikajitapa kuwa ujanani nilikuwa bingwa. Dada mwenye kibanda akanifunga kwenye gemu jipya la mpira mpaka nikasingizia batani. "Niwekee la zamani, ndilo gemu lenyewe," nikamwambia. Akaweka. Nikapiga shuti kutoka katikati ya uwanja, goli. Nikarudia palepale, goli.

"Kumbe, kaka, unajua shuti moja tu," akasema, akiiweka pedi yake chini taratibu. "Kipa wa gemu hili ana kasoro, mpira wa kutoka hapo hauoni. Kwenye jipya wamemrekebisha."

Miaka yote kasoro hiyo nimeiita kipaji. Nyumbani bado naiita hivyo, maana mke wangu hachezi gemu.