Ndoa ya Saa Tatu na Dakika Tisa

Samruai alipanga kandambili zake kwenye foleni kabla jua halijachomoza vizuri. Ndivyo walivyozoea watu wa wilaya ile: unaacha viatu vyako mlangoni pa ofisi ya wilaya, vinakusimamia foleni, na wewe mwenyewe unakwenda kukaa upenuni miguu mitupu ukipiga soga. Vyake vilikuwa vya nne. Nyuma yake akaweka vya mumewe, na nyuma ya hivyo Sombat, rafiki wa mumewe, akaweka vyake. Nimesema mumewe? Niwieni radhi. Asubuhi ile Khampun hakuwa mume wa mtu. Alikuwa mtalaka wake wa mwaka mzima, na walikuwa wameachana hapohapo, dirisha namba mbili, huku wameshikana mikono.

Kisa chenyewe kilianza na kikohozi. Samruai ni fundi cherehani, ana miaka sitini na mmoja, na mtaani kwao mtoto anayekwenda shule na sare asiyoishona yeye ni wa kutafuta kwa tochi. Ana mkono mwepesi na moyo wa woga. Khampun muuza barafu alipoanza kukohoa, hospitali walisema ni mafua tu. Samruai hakuridhika. Akaenda kwa mnajimu, na mnajimu akapekua kitabu chake, akatikisa kichwa. Nyota zenu zimegongana, akasema. Mkiendelea kuwa mke na mume, mwaka hautakwisha bila jeneza kutoka kwenye nyumba ile. Dawa ni moja: mkatalikiane serikalini, kwa karatasi na muhuri, ili mkosi ukija umkute bwana hana mke, ujiendee zake. Mwaka ukiisha mwoane upya, tarehe hii, saa tatu na dakika tisa asubuhi, si nane wala si kumi. Na mashahidi wawe watu ambao wenzi wao wako hai. Mjane asiiguse hata kalamu!

Mnacheka? Karani wa wilaya hakucheka. Kila mwezi huwapata wawili watatu wa namna hiyo, na huwagongea muhuri wao wakaenda.

Basi wakaachana, wakapanda pikipiki ileile, wakarudi nyumba ileile, wakala wali wa kunata kutoka kikapu kilekile. Khampun, aliyekuwa amemwita "mama" kwa miaka thelathini na sita kama waume wa huko wanavyowaita wake zao, akaanza kumwita jirani.

"Asante kwa chakula, jirani," alisema kila jioni. "Sijui watu watanifikiriaje, kila siku naonekana kwako."

"Kula unyamaze, baba."

"Usinifokee. Mimi kapera, naweza kuondoka leo na huna pa kunishtaki."

Mwezi wa tano pikipiki yake iliteleza sokoni, barafu ikamwagika njia nzima, naye akachubuka goti tu. Samruai alikuja mbio na uzi shingoni. "Umeona? Umeona sasa? Ungekuwa na mke ungevunjika shingo!"

"Ningekuwa na mke," Khampun akajibu akiwa bado chini, "ningekuwa na mtu wa kuniinua badala ya kunihubiria."

Soko zima likaangua kicheko, na Samruai naye akacheka. Lakini woga haukumtoka. Mwaka ule wote, kila alfajiri, kabla hajafungua macho alitulia kwanza kusikiliza kama mzee anapumua. Akishasikia ndipo anaamka kupika wali. Hakumwambia mtu jambo hilo, hata Lamduan, mdogo wake wa tumbo moja.

Saa mbili na nusu milango ikafunguliwa, kila mtu akavaa viatu vyake akaingia. Kandambili za Sombat zilibaki peke yake nje. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, pekupeku, anakula tambi za supu.

"Shahidi gani huyu?" Lamduan akang'aka. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza, na alikuwa amevaa hariri.

"Mwache ashibe," Khampun akasema. "Mwenye njaa huandika vibaya."

Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwembamba aitwaye Phaeng, amekumbatia kitabu cha nyumba, kile cha buluu chenye majina ya wote wanaoishi humo. Aliitwa dirishani saa tatu kasoro dakika mbili. Samruai akapiga hesabu: dakika tano zinamtosha, zinabaki sita. Akatoa leso akajifuta jasho, ingawa feni ilikuwa ikimpulizia yeye.

"Nimekuja kumtoa mume wangu," Bibi Phaeng akamwambia karani. "Tulimchoma moto Jumapili, pale hekaluni."

Karani, binti mmoja jina lake Orathai, alimsalimu kwa kuunganisha viganja, akaanza kazi. Karatasi ya hospitali ikapatikana. Kadi ya kitambulisho ya marehemu haikuonekana. Bibi akapekua mfuko, akatoa dawa za miguu, akatoa ndizi, akatoa miwani. Saa tatu na dakika nne. Kadi ikapatikana ndani ya sidiria yake.

"Lazima mwichukue?" aliuliza. "Picha zake zote ni za zamani. Hii ndiyo inayofanana naye."

Orathai alishika mkasi, akakata kona ya kadi isitumike tena, akamrudishia. Kisha akafungua kitabu cha nyumba, akavuta muhuri wa wino mwekundu, ule wa waliofariki, na hapo akainua macho akaona saa ukutani. Tatu na dakika saba. Yeye ndiye aliyewaachanisha mwaka jana, na tarehe na saa yao aliijua.

"Shangazi Samruai," akasema polepole, "ukitaka, ingia sasa. Bibi akae kidogo pembeni, nitamrudia."

Bibi Phaeng akaanza kujiinua. Mkono wake ulikuwa bado juu ya jina la mumewe, kidole kimoja kinalifuata herufi kwa herufi.

Jamani, Samruai alitaka kuingia! Alitaka kwa roho yake yote. Mwaka mzima aliishi kwa ajili ya dakika ile moja. Miguu ilikwisha kwenda hatua mbili. Kisha akakitazama kile kidole.

"Mmalizie, mwanangu," akasema. "Mtu hatolewi nyumbani kwake kwa haraka."

Muhuri ukagongwa. Saa ikafika tatu na dakika tisa, ikapita, ikafika kumi. Ukumbi mzima ukaikodolea macho saa ya ukutani, maana kila mtu pale alikwisha kusikia habari zao. Khampun akavuta pumzi ndefu, akaitoa kwa kelele.

"Bado nipo," akatangaza.

Watu wakacheka, na Samruai akampiga begani huku machozi yanamlengalenga. Wakaketi dirishani. Orathai akauliza shahidi wa pili yuko wapi, Khampun akainuka kwenda kumwita Sombat.

"Kaa, baba," Samruai akasema. Akamgeukia bibi, aliyekuwa akirudisha ndizi yake mfukoni. "Bibi, na marehemu mliishi miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili. Kumi ya kwanza tuligombana tu."

"Karani, shahidi wa pili ndiye huyu."

"Dada!" Lamduan akaruka. "Umeingiwa na nini? Mjane?"

Bibi Phaeng mwenyewe alikuwa ameficha mikono nyuma. "Usifanye hivyo, mwanangu. Jivu la mume wangu halijapoa. Nitawatia nuksi."

"Bibi, nimekimbia mwaka mzima kitu kilichokufika wewe baada ya miaka hamsini na miwili," Samruai akasema. "Kama hiyo ndiyo nuksi, nitie."

Bibi akamtazama sana. Akavaa miwani, akaomba kalamu, akaandika jina lake taratibu, ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Orathai akagonga muhuri, na Khampun akaunganisha viganja akamwinamia bibi. Walipotoka nje wakamkuta Sombat anajichokoa meno juu ya kandambili zake, anauliza kama zamu imefika, na Lamduan akamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Bibi Phaeng walimpakia katikati ya pikipiki, wakarudi naye nyumbani kwao, na akala nao mchana ule.

Kesho yake alfajiri Samruai aliamka, akaenda moja kwa moja jikoni, akabandika wali. Alikuwa anapepea moto alipokumbuka kwamba hakusikiliza pumzi ya mtu. Akasimama na upepeo mkononi.

"Mama!" Khampun akaita kutoka chumbani. "Kahawa yangu iko wapi?"