Mama Paskalina hakuuvunja mgongo wa mama yangu

Admin, naomba unifichie jina. La huyo mama nimelibadilisha mwenyewe. Nina miaka sitini na mbili, mjane, nina wajukuu saba na mdomo ambao wanangu wanasema hauna breki. Lakini kuna jambo moja mdomo huu umelibana kwa zaidi ya miaka arobaini. Mnaotaka kunitukana mtukane, ila someni mpaka mwisho.

Nimezaliwa Buger, Karatu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimemaliza la saba, nimechumbiwa na dereva wa hoteli moja ya watalii kule kreta. Mwaka mmoja kabla, mama alikuwa ametolewa titi kwa sababu ya saratani. Alirudi akiwa na nguvu zake, akaingia shambani kwenye maharage, sote tukaamini yamekwisha. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Tukasema ni jembe. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari aliniita mimi pembeni, kwa sababu mama hakujua kusoma na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Akaniambia, "Binti, ule ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo, unaubana. Dar es Salaam kuna matibabu ya mionzi. Sikudanganyi kwamba atapona kabisa. Lakini akifika huko bado anatembea, anaweza kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa, kuirudisha ni vigumu sana. Ondokeni kesho." Akanipa barua ya rufaa.

Harusi yangu ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini. Na kwetu Wairaqw, siku zile, kifo kikiingia nyumbani nyumba inatengwa. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu, na binti wa kuolewa anakaa hata mwaka. Hata tuliobatizwa tuliliogopa hilo. Nikawaza, mama akifia Dar, huyu dereva atanisubiri mwaka mzima? Nikajiambia siku kumi na mbili si kitu. Barua nikaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo za harusi.

Mama aliponiuliza daktari kasemaje, nilimjibu, "Amesema upumzike, na uchuliwe mgongo."

Jirani yetu, Mama Paskalina, ndiye aliyekuwa mkunga na mchuaji wa kijiji kizima. Mikono yake ilinipokea hata mimi nilipozaliwa. Alikuja na mafuta yake ya kondoo, akaupapasa mgongo wa mama, akasita. Akanivuta nje. "Mwanangu, mgongo huu mimi naogopa. Hospitali wamesema kweli nimchue?"

Nikamwambia, "Wamesema, mama. Mimi ndiye niliyeongea na daktari."

Akaingia ndani, akachua. Alichua siku nane, taratibu, kama mtu anayeosha kichanga. Asubuhi ya siku ya tisa, alipomaliza tu kuchua tena, mama alijaribu kusimama na miguu ikakataa.

Harusi ilifanyika, mama akiwa amebebwa kwenye kiti. Nilicheza, nikala, nikapigwa picha. Siku tatu baadaye tukarudi hospitali, daktari akauliza mbona tumechelewa, nikasema tulikosa gari. Dar alipigwa mionzi na maumivu yakapungua sana, lakini miguu haikurudi. Aliishi miezi minane kitandani. Siku moja nilipokuwa namgeuza asipate vidonda, aliniuliza kwa Kiiraqw, polepole, "Daktari alisema kweli nichuliwe?" Nikasema ndiyo. Akanitazama, kisha akageukia ukutani. Hakuuliza tena mpaka anakufa.

Kijiji kilishapata mwenye kosa. Mama Paskalina kamvunja mwenzake mgongo. Alipojaribu kujitetea kwamba aliagizwa na hospitali, baba alimfokea mbele ya watu, "Binti yangu amesoma, yeye ndiye aliyeongea na daktari. Unataka kusema mwanangu ni mwongo?" Nilikuwepo. Nilikuwa nakatakata mboga, nikaendelea kukatakata. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea mjamzito wala mtoto wa kuchuliwa. Akipita kisimani wanawake walikuwa wananyamaza. Na mimi nilinyamaza nao.

Juzi mjukuu wake amenipigia simu. Bibi ana zaidi ya miaka tisini na hali yake si nzuri. Nilijua naitwa nikatukanwe, na nilikuwa tayari. Yule binti akasema, "Bibi anakuomba uje kabla hajafa. Anasema wewe ndiye uliyeongea na daktari, kwa hiyo unajua. Anataka umwambie kama kweli aliuvunja ule mgongo. Anasema kila akitazama mikono yake anajiuliza."

Jamani. Mimi nilidhani miaka yote hiyo ananichukia. Kumbe hakuwahi hata kunishuku. Amekaa na swali ambalo jibu lake liko kwenye sanduku langu, maana ile barua ninayo mpaka leo.

Nikimnong'oneza peke yake, atakufa ametulia, na mimi nitabaki na heshima yangu ambayo si yangu. Nikisoma barua mbele ya watu, wadogo zangu watajua nani aliyemnyima mama miguu, na sidhani kama watanizika. Wanangu pia watajua ndoa iliyowazaa ilinunuliwa kwa kitu gani.

Msiniambie Mungu husamehe, hilo nalijua, na si Yeye niliyemwacha kisimani peke yake. Basi la Karatu ni Ijumaa asubuhi na tiketi ninayo. Nishaurini, wenzangu. Niende na barua, au niende na mdomo tu?