Shikamoo iliyomfungulia mama yangu mdomo barazani: Usambara, enzi za Mwingereza

Wakuu, kwa umri wangu nadhani shikamoo zote za humu ndani ni zangu, kwa hiyo mimi naanza na marahaba. Marahaba wote.

Akaunti hii kanifungulia mjukuu wangu. Kanionyesha pa kubonyeza, mengine najitegemea. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho haya haya. Chumvi niliyokula duniani inanitosha, sina haja ya kuongeza nyingine kwenye stori. Na wale wa kuja kusema hii ni chai, huku kwetu chai tunailima, hatuiandiki.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa kijana mmoja humu. Anasema haki za binadamu ni vitu vya kuletewa, eti sisi wazee enzi za mkoloni tulikuwa tunapiga magoti tu. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage.

Ni kweli, kijana. Siku hiyo nilipiga magoti. Sasa kaa nikuambie nilipiga magoti kwa nini.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja juu ya Soni, ukipanda kama unaelekea Bumbuli. Baba alishuka kwenda kukata mkonge bondeni, kama wanaume wengi wa wakati ule. Nyumbani tulibaki mama, mimi binti mkubwa, na wadogo zangu, wa mwisho akiwa bado wa mgongoni.

Serikali ilikuwa na amri ya matuta. Kila mwenye shamba mlimani achimbe matuta ili mvua isichukue udongo.

Nisiwe mnafiki, wazo lenyewe lilikuwa na akili. Lakini wewe njoo uuone mteremko wa kwetu! Mbuzi akipita pale anawaza mara mbili. Na wachimbaji wenyewe walikuwa wanawake, maana wanaume hawapo.

Usipomaliza, bwana shamba anakushitaki kwa Jumbe. (Kwa vijana: bwana shamba ni mtu wa kilimo wa serikali, Jumbe ni mkuu wa kijiji anayetambuliwa na serikali.) Jumbe akikutia hatiani, unapelekwa Lushoto kufungwa.

Mama alichimba. Mvua ikabomoa. Akachimba tena na mtoto mgongoni, mvua ikabomoa tena. Bwana shamba alipopita chini barabarani akatazama juu, hakuona matuta. Mama akaitwa barazani.

Shida ikaanzia hapo. Barazani mwanamke alikuwa hasemi. Anasemewa na mumewe, au na ndugu wa mumewe. Na kwa mama ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Jumbe alikuwa wa ukoo wa baba, kwa hesabu ya ukoo ni baba mkwe wake. Kwetu mkaza mwana hamwangalii mkwewe usoni, sembuse kubishana naye mbele za watu.

Tukamfuata baba mdogo amsemee. Akatujibu bila kutuangalia: "Shemeji, mimi nami shamba langu liko mlima huo huo. Leo nikimpinga Jumbe, kesho ni zamu yangu."

Kwa hiyo mama yangu angefungwa bila kutamka neno. Nilikuwa nikimtazama anavyopepeta mahindi kama hakuna kitu, moyo unaniuma. Nilijiuliza nani atawalea hawa wadogo, na huyu anayenyonya atanyonya nini.

Sasa turudi nyuma kidogo, nimtambulishe Mwalimu Bakari.

Alikuwa mtu wa Tanga mjini, kanzu nyeupe, Kiswahili cha pwani kitamu. Siku za kazi alifundisha shule. Jumamosi alitukusanya vijana kwenye banda la mboga pale barabarani, ambapo kabichi na karoti zilikuwa zinapangwa kwenye makasha kusubiri lori la kwenda Mombo. Alikuwa anatufundisha uraia: baraza ni la nini, sheria ni ya nani, mtu ana haki gani kwa sababu tu ni mtu.

Wasichana alituita pia. Maneno yalisemwa, mnajua wenyewe. Mama aliniruhusu kwa sharti moja, niende na mdogo wangu mgongoni. Kwa hiyo yule mtoto naye alisoma uraia kabla hajaota meno.

Kulikuwa na sentensi moja aliyotuimbisha kila mara: "Mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa." Tuliisema mpaka utingo wa lori akaijua. Dereva akimgombeza, naye anamjibu hivyo hivyo.

Mwalimu alipenda tuigize baraza. Mmoja anakalia kasha kubwa, huyo ni Jumbe. Mwingine bwana shamba, mwingine mshitakiwa. Jumamosi inayofuata mnabadilishana, aliyefunga wenzake naye aonje kushitakiwa.

Mchezo ukatushinda! Kila aliyekuwa mshitakiwa alikuwa anainamisha kichwa na kunyamaza. Mwalimu anapiga makofi, "Semeni! Jiteteeni! Huyu si Jumbe, huyu ni Idi!" Wapi. Kwetu aliyekaa juu ni mkubwa, na mkubwa hajibiwi. Hata kwa mchezo ulimi ulikuwa unagoma. Mwalimu wa watu akadhani hatuelewi somo. Tulilielewa sana, ila adabu ilikuwa imetukaba koo.

Ikaja Jumamosi ya kabla ya kesi ya mama. Mshitakiwa mimi, Jumbe ni Idi.

Huyu Idi tulikuwa rika moja, tumechunga mbuzi pamoja. Lakini kwa ukoo alikuwa mdogo wake babu yangu, kwa hiyo naye ni babu. Na kwetu babu na mjukuu ni watani. Yeye ananiita mke wangu, mimi namwita mgoshi wangu, yaani mume wangu, na hapo naweza kumwambia lolote. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

Idi akakunja sura juu ya kasha. "Kwa nini hujachimba matuta?"

Siku hiyo nilikuwa na mawazo ya mama, nikasahau kwamba tunaigiza. Nikamjibu kama ninavyomjibu njiani: "Mgoshi wangu, unaniuliza matuta, na jembe uliloninunulia liko wapi?"

Banda zima likacheka. Idi mwenyewe nusura aanguke kwenye kasha.

Mwalimu hakucheka. "Zaina, mbona leo umemjibu Jumbe?"

"Sijamjibu Jumbe, Mwalimu. Nimemjibu mume wangu."

Akakaa juu ya kabichi za watu, akafikiri. Kisha akauliza taratibu, "Na yule Jumbe wa kweli, ni nani yako?"

Tukatazamana na Idi. Jumbe wa kweli ni kaka yake babu. Kwa hiyo ni babu yangu. Kila nilipokutana naye njiani nilimwamkia, na kila mara alinijibu, "Marahaba, mke wangu," akaendelea na safari yake.

Mwalimu akasema, "Mimi sikutumi, Zaina. Mimi ni mgeni hapa na nimeajiriwa. Amua mwenyewe."

Niliamua njiani nikirudi nyumbani. Mama sikumwambia.

Siku ya baraza watu walijaa. Jumbe kitini na kofia yake. Pembeni yake Mzungu wa serikali kutoka Lushoto na mkalimani wake. Bwana shamba kasimama na fimbo yake ya kupimia. Mama kasimama katikati, kichwa chini, mtoto mgongoni.

Bwana shamba akasoma mashitaka. Jumbe akauliza, "Nani anamsemea?"

Baba mdogo akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu, sijui alikuwa anavihesabu.

"Hayupo," akasema Jumbe. "Basi."

Ile "basi" ndiyo iliyoniinua. Nikapenya mpaka mbele. Askari mmoja akanifokea, "We binti, rudi nyuma!" Mimi nikapiga magoti palepale, kama msichana anavyomwamkia mkubwa, nikapaza sauti:

"Shikamoo, Babu!"

Wakuu, shikamoo haiachwi hewani. Hata kama una hasira, hata kama una kesi mkononi, shikamoo unaipokea. Watu wote wakamgeukia Jumbe. Na yeye kwa mazoea ya miaka yote, kabla hajafikiri, akaitika:

"Marahaba, mke wangu."

Nikajua mlango umefunguka.

"Mgoshi wangu," nikasema, "kama mimi ni mkeo, huyu aliyesimama hapa ni mama mkwe wako. Unamfunga mama mkwe hata hujamsikiliza?"

Weee! Lile baraza lilipasuka. Wazee walishika mbavu. Mnaelewa nilichofanya? Mama alishindwa kusema kwa sababu yeye ni mkaza mwana na Jumbe ni mkwe wake. Kwa utani nikageuza kibao. Sasa Jumbe ndiye mkwe wa kuinamisha kichwa.

Mzungu akamuuliza mkalimani watu wanacheka nini. Mkalimani akatoka jasho, akanong'ona. Mzungu akanitazama mimi, akamtazama Jumbe na mvi zake, akakunja uso vibaya sana. Jumbe akaona hatari, akamrukia mkalimani, "Mwambie ni mjukuu wangu! Mjukuu! Ni utani!"

Watu wakacheka upya.

Jumbe angeweza kukasirika. Alikuwa na askari, alikuwa na serikali nyuma yake. Lakini mtani akikasirika habari yake inasimuliwa mpaka msibani kwake, na hilo alilijua. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaanza kucheka mwenyewe.

"Mke huyu kanishinda," akasema. "Haya, mama mkwe. Sema, tunakusikiliza."

Mama hakusema. Kichwa chini. Nikaogopa kuliko mwanzo, maana mlango umefunguliwa na mwenye kupita hapiti. Mtoto akalia kidogo mgongoni. Mama akamtikisa, akakaza mbeleko, kisha akainua uso.

"Sikukataa kuchimba," akasema. "Nimechimba, mvua imebomoa. Nikachimba tena, imebomoa tena. Aliyenishitaki ameliangalia shamba kutoka barabarani. Naomba mpande mkalione. Mkishaliona, mkasema nifungwe, nitakwenda."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekohoa. Sijawahi kujisikia vile maisha yangu yote. Nililia mbele za watu na sikujali.

Mzungu aliposikia tafsiri akasimama. "Twende."

Tukapanda wote, baraza zima. Kabla hatujafika nusu bwana shamba aliteleza, akakumbatia mgomba, fimbo yake ikashuka peke yake kuelekea Soni. Jumbe akasimama kupumua, akatazama juu, akatazama matuta yaliyomomonyoka kuelekea mtoni.

"Mama mkwe," akamwita, pumzi juu juu, "na maji unapandisha huku huku?"

"Huku huku, baba."

Hukumu ikatolewa palepale shambani. Mama hafungwi. Sehemu ya mteremko mkali imesamehewa. Ile ya chini, majirani wote watakuja kuchimba naye. Na Jumbe akasema mbele ya Mzungu kwamba kuanzia siku hiyo mwanamke ambaye mumewe yuko mkonge atajisemea mwenyewe barazani.

Nisiwadanganye, amri ya matuta haikufa siku ile. Watu walihangaika nayo miaka mingine, hiyo ni habari ndefu. Lakini mama yangu alilala kwake.

Njiani kurudi aliniambia, "Umenitia aibu, mtoto wewe." Hatua chache mbele akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kando ya njia, mimi nikambeba mtoto.

Jumamosi iliyofuata tuko bandani, makasha yamepangwa, tukaona mtu anaingia na mtoto mgongoni. Mama. Nyuma yake wanawake wengine wa mlimani, na majembe yao.

Mwalimu Bakari akasimama. "Karibu, mama. Umemfuata Zaina?"

"Nimekuja kusoma," akasema.

Mwalimu alimshusha Idi kwenye kasha kubwa, akamwonyesha mama akalie yeye. Mama akasitasita, kisha akakaa, akaweka kanga yake vizuri. Bwana shamba wetu wa kuigiza akaanza kusoma mashitaka kwa mbwembwe. Mama akamnyooshea mkono.

"Wewe subiri," akasema. "Kwanza aseme mwenyewe."

Basi, wakuu, huo ndio uraia niliosoma mimi. Mwalimu alitupa somo, na utani wetu wa nyumbani ukalipatia miguu ya kutembelea. Ninyi mnaofundisha vijana haki siku hizi kwenye mahoteli, na projekta na chai ya saa nne, waulizeni kwanza hao vijana kwao mkubwa anaambiwaje ukweli. Kila kabila lina njia yake. Mkiikuta hiyo, somo litapanda mlima lenyewe.

Sasa semeni na ninyi. Kwenu mdogo alikuwa anapitia wapi kumwambia mkubwa neno zito? Na wewe kijana wa ule uzi wa kupiga magoti, njoo unipinge, sina kinyongo, utasikilizwa kabla hujahukumiwa.

Ila anza na shikamoo.