Rimoti Chini ya Kitenge cha Mama Mkwe

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla Nyabwire, mchumba wangu, hajaisimulia kwa kuinogesha, maana hapa Kabasa habari hailali. Siku hiyo mama yake alitoka Bugwema kuja kuona nyumba atakayoishi binti yake, na asingeridhika, basi, mimi ningebaki na ng'ombe wangu wa mahari na ng'ombe wangebaki na mimi.

Sasa mimi nina dairekta mmoja ninayempendaga sana (jina lake linanishinda kutamka), muvi yake ya yule mama aliyenyang'anywa shamba niliilia mbele za watu. Kwa hiyo nilipoambiwa dukani ametoa mpya na imeshatafsiriwa, nikasema niwekee kwenye flashi, sikuuliza inahusu nini. Kosa langu, muuzaji simlaumu.

Mama akafika saa nane mchana akakaa kwenye kochi, mimi nikakaa kwenye stuli mlangoni nikitazama uani, kwa sababu kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe wala hamkaribii. Muvi ikaanza vizuri, nikawa naiibia kwa jicho la pembeni: mvua, taa nyekundu, maiti kwenye lifti, mama akasema "Haa!" nami nikafurahi.

Kisha mpelelezi akaingia chumbani kwa mjane wa yule marehemu. Mimi nikarudisha macho uani, sikuona kitu, ila mtafsiri, yule anayesimulia kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti zao, mnamjua, haachi jambo: "Jamaa anafungua kifungo cha kwanza! Cha pili! Mama yangu weee!" Nyabwire alikuwa jikoni anageuza samaki, sato, nikamwita kwa kukohoa, hakusikia. Rimoti iko kwenye kochi, kitenge cha mama kimeifunika. Ningeifuataje pale?

Nikajiona nina akili, nikatoka nikazima meinswichi. (Nilisahau kwamba ni moja na ya saluni ya jirani.) Mara kinyozi huyo, na mteja wake mwenye shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, mwingine msitu.

"Umeme umeisha?" kinyozi akauliza.

"Hapana, nimezima."

"Umezima!" mteja akaruka. "Saa kumi nina kikao cha kanisa, niende na kichwa cha hivi?"

Nikawanong'oneza ukweli, maana uongo wa haraka siuwezagi. Kinyozi akacheka mpaka mtaa ukajua: "Jamani, huyu kamwekea mama mkwe muvi ya vitandani!"

Nikawasha. Na ile deki ya muvi inakumbukaga ilipoishia: "Sasa cha tatu!"

Ndipo mama akaita kutoka ndani, bila kugeuka: "Mwanangu, usizime tena. Nimezaa saba, unafikiri niliwaokota ziwani? Nataka kumjua muuaji."

Basi muvi ikaenda hadi mwisho, mimi nikiisikiliza nyuma ya ukuta. Muuaji akawa daktari ambaye hakutajwa hata mara moja tangu mwanzo. "Huyu naye katoka wapi?" mama akasema, na kwa kweli alikuwa na haki, ingawa nami niseme haki, ile mvua ya mwanzo, hakuna dairekta mwingine anayeipiga picha vile.

Wakati wa kuondoka akamwambia Nyabwire, kwa sauti ya kunifikia: "Nyumba nzuri, na mumeo ana haya. Muvi uwe unamchagulia wewe."

Alisema mumeo! Sato niliyemla jioni ile sijawahi kuonja mfano wake. Lakini nimeapa, mama akija tena, rimoti naivaa shingoni kama filimbi ya refa, na muvi nitaitazama kwanza mwenyewe. Dairekta akitoa nyingine nitainunua, nimemsamehe. Daktari wake ndiye bado.