Barua ya Mdhamini

Kila baada ya siku kumi na nne, baba mmoja wa Olasiti huja mahakamani na barua mpya ya afisa mtendaji wa kata yake, inayomtambulisha kama mdhamini wa binti yake, Naipanoi, anayeshtakiwa kwa mauaji. Hukaa benchi la mbele, akiinyoosha barua juu ya goti kwa kiganja kilichopasuka. Leo kesi ilipoahirishwa tena, mimi karani nikamwambia, "Mzee, kosa la mauaji halina dhamana. Hata hakimu hana uwezo wa kuitoa."

"Najua, mwanangu. Ulishaniambia."

"Sasa barua hizi za nini?"

"Mama yake Naipanoi anaumwa. Siku ninayotoka na barua, anaamini binti atatoka, anakubali kula."

Kisha akaiacha mezani kwangu, maana hawezi kurudi nayo nyumbani.