Maranda ya Mwerezi

Mimi ni seremala hapa Lushoto, na mdomo wangu hutangulia randa. Wiki iliyopita Zaina, binti wa jirani, alikuja kuomba kijiti cha kutafunwa na panya wake wawili wa kufugwa. Nikakikagua kiboksi alichowabebea, nikamwaga nyasi kavu alizowatandikia, nikawajazia maranda ya mwerezi.

"Haya tunaweka kwenye masanduku ya nguo," nikajisifu. "Hata nondo hasogei!"

Jana bwana mifugo akaingia karakana mbele ya wateja wangu, kashika kiboksi kile, Zaina nyuma yake. Panya mmoja amekufa, wa pili anahema kwa tabu.

"Harufu ya mwerezi inawaua hawa. Mpumbavu gani kawawekea?"

Nikajifanya natafuta msumari. Zaina, macho mekundu, akapiga goti kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, fundi."